Skii za gereji na mabegi ya Pasua

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo ya mabegi hapa Pasua, Moshi. Nina vyerehani vitatu na vijana wawili. Tunashona mabegi ya wapagazi na mifuko mikubwa ya kubebea mizigo ya wageni mlimani. Mwaka jana mgeni kutoka Marekani aliniletea mfuko wake umechanika, tukapiga stori wakati namshonea. Akaniambia kwao kuna watu wanatengeneza skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, ndani ya gereji za nyumbani, na wanaziuza ghali kuliko kampuni kubwa zenye viwanda, na bado wateja wanasubiri zamu. Sikumwamini. Mimi nikiongeza elfu tano tu kwenye bei, mteja anakwenda Memorial kununua begi la mtumba lenye jina kubwa. Je, ni kweli? Wanafanyaje? Na mimi naweza?

Marahaba, mdogo wangu. Mgeni wako hakukudanganya. Ila alikusimulia nusu ya habari, ile nusu tamu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye kazi kwako.

Nakujibu kama mtu aliyevishika vitu hivyo kwa mikono. Kabla sijarudi Arusha kufundisha, nilisoma uhandisi wa malighafi huko Austria, na kwa misimu miwili ya baridi nilifanya kibarua katika karakana ya watu wanne iliyokuwa ikitengeneza skii chini ya mlima. Nilipiga msasa, nilichanganya gundi, nilifagia. Na kila siku nilikuwa nikiwafikiria mafundi wa kwetu, kwa hiyo swali lako nimelisubiri muda mrefu.

Tuanze na kitu chenyewe. Skii ukiikata katikati utaona tabaka. Ndani kuna ubao mwembamba, wa popla au mepo au hata mwanzi, uliorandwa ukawa mnene katikati na mwembamba kwenye ncha mbili. Juu na chini ya ubao kuna kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Chini kabisa kuna plastiki ngumu inayoteleza, ukingoni umepita ukanda wa chuma wa kukata barafu, na juu kuna karatasi ya plastiki yenye picha. Vyote vinapangwa ndani ya kalibu, vinabanwa na kupashwa joto mpaka gundi ikauke. Presi yetu ilikuwa vyuma vya ujenzi vilivyochomelewa, na kilichokuwa kikibana ni mpira wa zimamoto uliojazwa hewa. Nakuambia kwa uhakika: seremala mzuri wa Moshi akikaa na mchomeleaji wa Unga Limited, Arusha, presi ile wanaiunda.

Kwa hiyo kizingiti cha kuingia ni kifupi, na hakijaanza kuwa kifupi leo. Abel Rossignol, ambaye jina lake liko kwenye skii zinazouzwa dunia nzima, alikuwa fundi mbao wa mji wa Voiron, Ufaransa, akitengeneza vifaa vya mbao kwa ajili ya viwanda vya nguo. Alianza skii mwaka 1907. Josef Fischer wa Austria alikuwa fundi wa mikokoteni, akaanza mwaka 1924. Howard Head alikuwa mhandisi wa ndege huko Baltimore, Marekani. Mwaka 1947 alikwenda kuteleza, akachukizwa na uzito wa skii za mbao, akajiuliza kwa nini zisiundwe kwa tabaka za alumini kama ndege. Jozi zake za kwanza zilivunjika. Akazirudia, zikavunjika tena kwa namna nyingine, akazirudia tena. Mwaka 1950 akafungua kampuni, na mwaka 1969 akaiuza. Unaowaita wakubwa leo walikuwa na gereji zao.

Sasa mkubwa anamzidi wapi mdogo? Kwenye kalibu. Kila umbo na kila urefu wa skii unataka kalibu yake. Kiwanda kikubwa kinachonga kalibu za alumini, na gharama yake inagawanywa kwa maelfu ya jozi mpaka kwa kila jozi inakuwa ndogo sana. Kinanunua chuma na plastiki kwa kontena, kinawalipa wanariadha wa mashindano wavae nembo yake, na kina nafasi kwenye rafu za maduka yote. Mdogo akisema atatengeneza skii ileile ya mkubwa, kwa umbo lilelile, aiuze rahisi zaidi, amekwisha. Hakuna gereji iliyoshinda kwa njia hiyo. Zile zinazoishi zimeacha kabisa kushindana kwa bei.

Wanaishi kwenye kile ambacho kalibu ya mkubwa inakikataa. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu watu wengi hudhani mdogo anaishi kwa huruma ya wateja wanaopenda vya mikono. Huruma hununua mara moja. Ebu fikiri: kalibu inayotaka maelfu ya wateja haiwezi kuwatazama watu mia mbili wenye shida yao ya pekee. Mkurugenzi wa mauzo atasema hapana, na kwa hesabu zake yuko sahihi. Hao mia mbili wanabaki bila kitu, na kwa karakana ya watu wanne, mia mbili ni shibe ya mwaka.

Nikupe mfano. Kwa miaka na miaka skii zilipindwa upinde ambao katikati inainuka na ncha zinagusa chini. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni sawa, lakini kwenye theluji nene, laini, ncha inazama kama jembe. Mtelezaji mmoja, Shane McConkey, aliangalia skii za kwenye maji akasema umbo la theluji laini ligeuzwe: katikati iwe chini, ncha ziinuke, kama sehemu ya chini ya mtumbwi. Walioona walidhani ni mzaha. Kampuni iliyokubali kuiunda ilikuwa Volant, kampuni ndogo ya Colorado, Marekani, na skii hiyo iliyoitwa Spatula ikatoka mwaka 2002. Ilikuwa ya watu wachache sana. Leo ncha zilizoinuka kwa namna hiyo zimo kwenye skii za karibu kila kampuni kubwa. Wazo lilitoka kwa mtu aliyekuwa juu ya theluji yenyewe, na mlango uliofunguka ulikuwa wa kampuni ambayo ingeweza kuishi kwa kuuza jozi chache.

Au chukua Wagner, karakana ya Telluride, Colorado, iliyoanza mwaka 2006. Hao hawana modeli ya dukani. Mteja anajibu maswali: uzito wako, urefu, unateleza wapi, skii zipi ulizipenda na zipi zilikuchosha magoti. Kisha wanamchorea skii yake peke yake. Kiwanda cha jozi laki moja hakiwezi kukuuliza habari za magoti.

Nawe unayaona mambo haya kila siku, ila hujayaita kwa jina hili. Toyota inatengeneza Land Cruiser. Nani anairefusha chasisi na kuikata paa linaloinuka ili mgeni asimame atazame simba? Mafundi wa Arusha. Hakuna mtu Arusha anayeshindana na Toyota, na Toyota haiji Arusha kukata paa. Na kabla ya magari, wahunzi wa Mamba, pale karibu na Marangu, walikuwa wakifua mikuki ya Wamaasai. Mhunzi alijua Mmaasai anataka mkuki wa namna gani, kwa sababu walikaa wakaongea.

Sasa bei, maana hapo ndipo hukuamini. Tuseme jozi moja inauzwa dukani dola 800. Duka lenyewe limeinunua kwa karibu nusu, dola 400. Ndani ya hizo 400 kampuni kubwa inalipa kiwanda, meli, matangazo na wanariadha. Fundi wa gereji anauza mwenyewe moja kwa moja kwa dola 900. Hakuna duka katikati, kwa hiyo zote 900 zinafika mkononi mwake. Anaweza kutumia dola 500 kutengeneza jozi moja, kiasi ambacho kingemfilisi mkubwa, na bado akabaki na kitu. Mbao bora, chuma kinene, siku nzima ya mtu. Mteja analipa ghali kidogo, anapata kitu ambacho fedha yake imeingia ndani yake na haikuishia njiani. Akipitisha skii hiyohiyo dukani, hesabu inavunjika. Ndiyo maana wengi wao hawauzi madukani hata wakiombwa.

Lipo moja la kuongeza: mteja analipa kabla. Anatoa arubuni wakati wa kiangazi, skii zinabanwa, theluji ikianguka anachukua. Fundi hanunui hata ubao mmoja kwa fedha ya kukopa.

Hapa nafika kwenye ile nusu ambayo mgeni hakukuambia.

Msimu wangu wa pili pale Austria, duka moja kubwa la mjini lilikuja kwenye karakana yetu. Likataka jozi nyingi kuliko tulizozoea kutengeneza kwa mwaka mzima, tukabidhi vuli, tulipwe msimu ukiisha. Bosi wangu alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, tulikunywa kahawa ya sherehe. Tukanunua malighafi kwa mkopo, tukafanya kazi usiku. Majira yale theluji ilichelewa, wageni hawakuja, na mwisho wa msimu duka likaturudishia zaidi ya nusu ya mzigo, kwa kipengele cha mkataba ambacho tulikisoma bila kukitilia maanani. Bosi aliuza gari lake. Mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye meza ya msasa, baba wa watoto watatu, aliachishwa kazi. Skii zilikuwa nzuri kabisa. Kilichotuangusha ni ile miezi kati ya kununua gundi na kulipwa, na hiyo ndiyo huua karakana ndogo nyingi kuliko ubora wa mpinzani yeyote.

Na theluji yenyewe si ya kutegemea. Wewe unaishi chini ya ushahidi. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakiwa na skii na wakateleza kweli kwenye barafu ya mlima wetu. Barafu mojawapo kileleni bado inaitwa kwa jina la Furtwängler. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kufikia mwaka 2007, karibu asilimia 85 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka ule wa 1912 lilikuwa limebaki tupu. Anayeuza kitu kinachotegemea hali ya hewa, mkubwa au mdogo, anaishi na hofu hiyo, ila mkubwa ana akiba ya kupita mwaka mbaya.

Jambo jingine alilokuficha, pengine bila kujua: si kila jina dogo ni karakana. Black Crows, jina lililoanzia Chamonix, Ufaransa, mwaka 2006, ni wabunifu wanaochora skii zao na kubanishiwa kwenye viwanda vya wengine. Kiwanda cha Elan, kule Slovenia, kimetengeneza skii zake na za majina mengine pia. Hakuna ubaya, mradi mtu asiseme amechonga kwa mkono wake. Na wadogo wakikua hununuliwa. Armada ilianzishwa mwaka 2002 na watelezaji waliochoka kutangaza bidhaa wasizozipenda, na mwaka 2017 ikachukuliwa na Amer, kampuni ileile inayomiliki Salomon na Atomic, majina makubwa ya skii. Jason Levinthal alianza Line mwaka 1995 kwenye gereji ya wazazi wake, kampuni ya skii ya K2 ikainunua mwaka 2006, na mwaka 2013 akaanza upya na J Skis, akiuza moja kwa moja kwa mteja, kwa matoleo ya jozi chache zenye namba na sahihi yake. Huyo namheshimu sana. Alipata nafasi ya kuchagua mara ya pili, akachagua udogo.

Haya, turudi Pasua.

Unaniambia ukiongeza elfu tano mteja anakwenda Memorial. Naamini. Lakini nikuulize: begi unalomwonyesha lina tofauti gani na lile la Memorial? Nimeona mabegi mengi ya mafundi wa Moshi na Arusha, na mengi yameshonwa kwa kufuata begi la nje, mfuko kwa mfuko, kamba kwa kamba. Hapo umejiweka palepale pa yule mtu wa gereji anayetaka kutengeneza skii ya kiwanda kwa bei nafuu. Mtumba utakushinda. Umeshalipiwa na mtu mwingine huko ulikotoka, na una jina.

Lakini lile begi la mtumba lilichorwa kwa ajili ya nani? Kwa mtu anayetembea na mzigo wake mmoja mgongoni. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, hatembei hivyo. Ana begi lake dogo mgongoni, na juu yake, kichwani au mabegani, kuna mfuko wa mgeni. Begi lenye mgongo mrefu linasukuma ule mzigo wa juu, linamlazimisha kuinamisha shingo kutoka geti la Machame mpaka kambi ya Barafu. Mgumu anataka begi fupi, pana chini, lenye mgongo usiopita usawa wa mabega. Geti linapima mzigo wake usizidi kilo 20, kwa hiyo kila gramu ya mfuko mtupu inamla. Mvua ya msituni inaingia kwenye mishono. Vumbi la juu linaua zipu. Haya hakuna mchoraji wa Colorado anayeyajua, na hata akiyajua, wagumu wa Kilimanjaro ni wachache mno kwa kalibu yake. Kwako ni soko zima, na wanapita mbele ya mlango wako.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza. Ila acha kushona begi la kila mtu. Shona begi la mgumu, na mfuko wa nje wa kufunika mzigo wa mgeni, basi, mpaka watu waseme ukitaka kitu hicho nenda Pasua kwa fulani.

Usidharau kazi ya kurekebisha, hata kama inalipa kidogo. Kule Austria tulikuwa tunapokea skii zilizoharibika za kampuni zote, tukazinoa na kuziziba, na ndipo tulipojua ukanda wa chuma unang'oka wapi na ncha inapasuka vipi. Nunua daftari. Kila begi linaloletwa limechanika, andika: limechanika wapi, limepanda safari ngapi, lilikuwa la nani. Baada ya msimu mmoja utakuwa na elimu ambayo hakuna kampuni kubwa inayoweza kuinunua, kwa sababu mabegi yao yakichanikia Kilimanjaro hayarudi kwao, yanaletwa kwako.

Kwa fedha, kuwa mkali. Kampuni ya utalii ikitaka mabegi arobaini, chukua nusu kabla hujakata kitambaa. Wakikataa, waombe wachukue kumi kwanza. Tuseme begi moja linakula elfu 30 ya kitambaa, zipu, sponji na mikanda: arobaini ni milioni moja na laki mbili imekaa kwenye stoo ya mtu mwingine, na vijana wako wawili wanataka kula wiki hii. Nimeshaona karakana nzuri ikifa hivyo, sitaki kuiona ya pili.

Na jambo moja nakuomba kama kaka. Najua kuna vijana wanaoshonea nembo za kampuni kubwa kwenye mabegi yao ili yauzike haraka. Usifanye. Kila begi zuri unaloshona kwa jina la mtu mwingine unamtangazia yeye bure, na likichanika wewe ndiye unayelaumiwa mtaani. Weka jina lako, dogo, ndani ya mfuniko, pamoja na namba ya simu na ahadi kwamba likifumuka unalishona bure ndani ya siku mbili. Wao hawawezi kuahidi hivyo Moshi. Wewe unaweza.

Aprili na Mei mlima unapopoa kwa sababu ya masika, usiwaache vijana wakae bure. Kateni mabegi mawili ya namna niliyokueleza. Mkianza kupata safari za Juni, mpe moja mgumu unayemwamini, na jingine mpe mgumu mkorofi asiyependa kitu. Wapande nayo safari tatu. Wakirudi usiwaulize kama ni mazuri. Waambie wakuonyeshe mahali palipowachubua, bega au kiuno, na uweke alama ya chaki palepale kwenye kitambaa. Kisha nipigie. Nitapanda basi kuja Moshi, na mabegi hayo mawili tutayafumua mimi na wewe mshono kwa mshono.